Mwalimu Elkana Avuta Nur

Katika shule moja ya sekondari ya New Site, Juba, chumba cha mwisho kina meza nzito ya chuma, hadubini ya mtumba na leza iliyotolewa kwenye mashine mbovu ya kuchomea DVD. Anayekitumia ni Elkana Swaka, mwalimu wa fizikia mwenye miaka arobaini na mmoja, aliyesoma Kampala wazazi wake walipokuwa wakimbizi Uganda. Kwa miaka miwili amekuwa akiunda kifaa kinachokusanya mwanga wa leza hadi nukta ndogo mno. Chembe iliyo ndani ya tone la maji ikipita hapo hunaswa, na mwalimu huivuta anakotaka. Chembe zake ni hamira ya mandazi. Kijiko kimoja kinamtosha muhula mzima.

Mwezi Machi kamati ya wazazi iliazimia kukifanya chumba hicho stoo ya viti vya plastiki, mwalimu asipoonyesha kina faida gani. Elkana akabandika tangazo mlangoni, kwa Kiarabu cha Juba: "Alhamisi, saa nne. Kuvuta kwa mwanga."

Kosa lilikuwa hapo. Kwa Kiarabu hicho mwanga ni nur, na nur ndiyo umeme. Kuvuta nur ni kuunganishiwa waya. Shule haijawahi kuunganishiwa. Kifaa chenyewe kinatumia betri ya sola.

Walifika watu thelathini na saba, idadi ambayo hakuna mkutano wa matokeo ya mitihani uliowahi kuipata. Mwenyekiti wa kamati, Mama Lilly Yangi, muuza mbao wa mtaa wa Sherikat, alikuja na waya mpya wa mita arobaini begani.

"Ustaz, nguzo iko wapi?"

"Nguzo ya nini, Mama?"

"Ya nur! Si umeandika leo unavuta?"

Elkana alieleza. Kisha akamkalisha mbele ya kompyuta. Kwenye skrini kiduara cha kijivu kilitetemeka, kikatulia, kikafuata mwanga kushoto, kikarudi kulia.

"Hii nini?"

"Hamira, Mama. Chembe moja. Mwanga ndio umeishika."

"Imeshikwa ya nini? Ilikuwa inakimbia?"

"Kidogo, Mama."

"Miaka mbili unavuta hamira! Hata Pearl wa kioski iko na hamira, lakini yake tunakula."

Chumba kizima kilicheka. Elkana hakucheka, kwani viti vya kuingizwa stoo vilikuwa tayari vimepangwa nje ya mlango. Wakati huohuo jenereta ya jirani ikawashwa, meza ikatikisika, chembe ikaponyoka. Akaanza kuitafuta. Ilimchukua dakika kumi na moja kuinasa tena, na hakuna aliyeondoka.

"Hii kitu haionekani," Mama Lilly alisema polepole, "na anaishika. Waya unaonekana, utamshinda vipi?"

Hakuna aliyepinga hoja hiyo. Kamati iliamua chumba kibaki kwa Elkana, naye awe msimamizi wa umeme wa shule, pindi utakapokuwapo.

Mchana mwalimu mkuu, Robinson Loro, alimletea kumbukumbu za kikao atie saini. Ziliandikwa: "Ustaz Elkana alivuta nur mbele ya kamati, na ikavutika."

"Nirekebishe?" Loro aliuliza. "Nikirekebisha, lazima zirudi kwa kamati."

Elkana aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akaomba kalamu, akatia saini.