Siku Nilipomuua Bwana Twahiri kwa Simu

Mkasa wangu huu ni wa aibu, na lau ningepata njia ya kuuficha ningeuficha, lakini Mji wa Kale wote waujua, na wako wanaousimulia kwa kuutia chumvi (eti nilizimia, eti nilipigwa viatu, uongo mtupu, hakuna aliyenigusa), kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Mimi ni Swabra, nauza leso katika duka moja la Biashara Street, na ugonjwa wangu ni vitabu. Siugui peke yangu. Nina mashoga wawili, Saumu, ambaye ni karani wa zahanati kule Makadara, na Maimuna, jirani yangu ambaye hushona nguo nyumbani kwake, na sisi watatu hununua kitabu kimoja tukakisoma kwa zamu, na kila mmoja akifika pahali pazuri hurekodi maoni yake kwenye grupu letu dogo la simu ili wenzake wapate cha kubishana. Safari hii tulikuwa na kitabu cha upelelezi, kisa chake huko bara, kando ya ziwa lililoko juu milimani, pahali pa ukungu na baridi ambapo watu huvaa makoti mchana kweupe, na mzee mmoja tajiri, mkavu wa maneno, akakutwa amekufa kitandani mwake na hakuna ajuaye ni nani aliyemuua.

Tulikigombania kitabu kile kama watoto. Saumu hakumpenda mpelelezi, mwanamke wa makamo mwenye mafua yasiyoisha. "Mpelelezi gani huyu," akasema, "kila akipata ushahidi lazima apike chai kwanza?" Maimuna alilalamikia ukungu. "Ukungu mwanzo, ukungu mwisho, nami huku nasoma natiririka jasho, sioni raha yake." Mimi nilikipenda na nilikiogopa vilevile, hasa lile ziwa, maana sisi tumezoea maji yenye kelele, na yale ya kitabuni yalikuwa meusi, yametulia kimya, nikisoma nahisi kuna mtu amesimama nyuma yangu.

Tatizo lilikuwa majina. Wahusika walikuwa na majina ya huko bara, marefu, na kila tukibishana tunachanganya marehemu na shahidi. Mimi ndiye niliyesema (hapa ndipo uchuro ulipoanza), mbona tusiwabandike majina ya watu wa mtaani petu? Basi mpelelezi tukamwita Mama Zubeda, yule muuza mahamri wa pembeni, kwa sababu hakuna jambo la mtu asilolijua. Yule tajiri mkavu tukamwita Bwana Twahiri, jirani ambaye nyumba yake inatazamana na yangu, mstaafu wa bandarini, mzee asiyevumilia mtu kucheka chini ya dirisha lake, na ambaye ana maradhi ya moyo mpaka daktari amekataza asishtuliwe kwa lolote. Na mke wa tajiri, kijana, mpole, asiyeinua sauti, huyo akawa Bi Rukia, kwa sababu Bwana Twahiri naye alifiwa na mke wa kwanza akamwoa Bi Rukia, kijana, mpole, asiyeinua sauti. Tulicheka sana siku hiyo. Chini ya dirisha lao.

Sasa nisikizeni. Siku yenyewe ilikuwa baada ya Adhuhuri, mwenye duka amekwenda kuswali, wateja hakuna, nami nimekilaza kitabu chini ya meza nasoma sura za mwisho. Nilipofika ukurasa wa mwisho mwili wote ulinisisimka. Yule mke mpole, yule tuliyemwonea huruma kitabu kizima, ndiye aliyekuwa akimtilia mumewe sumu kwenye uji wa asubuhi, kidogo kidogo, huku akimpepea na kumwombea afya! Nikashika simu machozi yakinitoka. Muda mfupi nyuma nilikuwa nimefungua grupu la mtaa, lile la kutangaziwa tanzia na maji kukatika na paka waliopotea, na sikuwa nimetoka humo, wala sikutazama, nikabonyeza nikaanza kulia na simu.

"Jamani! Jamani, kifo cha Bwana Twahiri! Kafa kifo kibaya, maskini ya Mungu, na hamtaamini, aliyemuua ni mkewe! Bi Rukia! Kamtilia sumu kwenye uji, kila siku kidogo, mpaka roho imemtoka!"

Baada ya hapo nilitoa maoni yangu marefu, kwamba mwandishi ametuchezea shere vizuri, kwamba ule ukungu ulikuwa na kazi yake, kwamba mpelelezi na chai zake alistahili kuombwa radhi na Saumu. Yaani mwenye kusikiliza mpaka mwisho angejua ni kitabu. Lakini niambieni nyinyi, nani asikilizaye sauti ya mtu mpaka mwisho? Wakati huohuo wakaingia akina mama kutoka Kizingo kutafuta leso za harusi, wataka doti za rangi moja, wachagua, wakataa, warudia, nami simu nimeizima mlio nikaitia kwenye mtoto wa meza mpaka Alasiri.

Narudi nyumbani, naingia kichochoro chetu, naona wanaume wamejaa, wamevaa kanzu na kofia, na mbele ya mlango wa Bwana Twahiri limeegeshwa jeneza la msikitini. Huku kwetu mtu akifa mchana huzikwa kabla ya jua kutua, hakuna kungoja, kwa hiyo sikuona ajabu, niliona msiba tu. Nikamkuta Mama Zubeda amejifunika leso machozi tele. Nikamuuliza nani, akasema Bwana Twahiri. Wallahi nililia. Nilikaa barazani nikalia kwa kelele, nikasema alikuwa mzee mwema (Mungu anisamehe), na moyoni nikaona haya kwa namna tulivyomcheka. Hata sikujiuliza mbona yafanana na kitabu.

"Na si kifo cha Mungu, mwanangu," Mama Zubeda akaninong'oneza. "Wasema ni mkewe. Nyumba imefungwa, yeye haonekani, simu ya mzee haishiki, na maiti yumo ndani. Vijana wataka kuuvunja mlango."

"Nani kasema ni mkewe?"

"Imekuja kwenye simu. Mwanangu wa Malindi kanitumia, naye katumiwa. Mwanamke yualia, sikiza."

Akabonyeza. Nikasikia sauti yangu.

Sijui niwaelezeje. Maimuna akaja mbio kutoka upande wa pili akanishika mkono. "Swabra, simu waiwekea n'ni kama huishiki? Nimekupigia mpaka vidole vyauma! Nawaambia ni kitabu, hakuna anisikizaye!" Nilitaka kusimama niseme, ulimi ukagoma. Waoga wenzangu watanielewa. Nikajiambia, ngoja wavunje mlango, waone hakuna maiti, watatawanyika wenyewe, sauti imeshapita simu nyingi, nani atakumbuka ilikotoka, na jina langu halitatajwa. Huo ndio mpango niliopanga, mimi mtu mzima.

Kabla mlango haujavunjwa akatokea Bi Rukia, na kikapu cha mboga kutoka Makadara, apita katikati ya watu akitoa salamu na hakuna amwitikiaye. Akaliona jeneza. Kikapu kikamwanguka. Mwanamke mmoja akapiga ukelele, "Muuaji huyo!" na wengine wakamzunguka, na yeye, maskini, alichofahamu ni kimoja tu, kwamba mumewe amekufa, akakaa chini kwenye mawe akawa aita, "Bwana wangu! Bwana wangu nimemwacha mzima!" na watu wasema tazama machozi ya unafiki. Sijapata kuona macho ya mtu yakiogopa vile. Na mimi bado nimenyamaza! Nimekaa barazani, nimemshika Maimuna, nimenyamaza.

Kumbe Bwana Twahiri alikuwa Kizingo kwa bintiye, amekula biriani, amelala kidogo, simu yake kama kawaida imezimwa kwa kuokoa chaji. Tuktuk ikasimama kwenye mdomo wa kichochoro, akashuka na bakora yake, na umati ukampisha njia bila kumtazama, kila mtu alidhani ni mzee mwingine amekuja kuzika. Akafika mpaka mlangoni kwake. Akalitazama jeneza, akamtazama mkewe aliyeko chini.

"Nani aliyekufa nyumbani kwangu?"

Yule mwenye nyundo ya kuvunjia mlango aliificha nyuma ya kanzu. Na hapo Bwana Twahiri akatia mkono kifuani, uso ukamgeuka rangi, akaegemea jeneza lake mwenyewe, na mimi nikaona kwa macho yangu kwamba atakufa kweli, sasa hivi, na aliyemuua hatakuwa Bi Rukia, nitakuwa mimi.

Ndipo ulimi ukafunguka. Nikapiga kelele, "Ni mimi! Ni kitabu! Hakuna aliyekufa, ni mtu wa ziwani!" Maneno yote yakatoka ovyo, ziwa, ukungu, chai ya mpelelezi, majina tuliyowabandika, nalia huku namshika mzee kiwiko asianguke, na Maimuna anakwenda mbio kuleta maji, huku Bi Rukia akikitoa kwenye mkoba wake kidonge cha mzee cha kuweka chini ya ulimi, kabla hajaambiwa. (Mkumbuke hilo. Muuaji ndiye aliyetembea na dawa.) Tukangoja. Mtaa mzima ulingoja ukitazama kifua cha mzee kikipanda na kushuka. Mwishowe akavuta pumzi ndefu, akaniangalia, akasema polepole, "Swabra binti wa watu, mimi kwenye kitabu chenu nilikuwa mtu wa namna gani?"

Nikasema alikuwa mtu mwema. Ulikuwa uongo wa pili siku hiyo. Wanaume wakalibeba jeneza kulirudisha msikitini kimyakimya, na sijawahi kusikia ukimya unaotukana namna ile.

Mngedhani yamekwisha. Kesho yake asubuhi nikasikia hodi, nikafungua, ni Bi Rukia, macho mekundu.

"Swabra, ndoo twende kwangu."

"Kuna nini, dada Rukia?"

"Mume wangu hanywi uji. Nimempikia miaka yote hii, leo atazama bakuli, anitazama mimi, asema hana njaa. Asema ajua ni kitabu, lakini hana njaa. Wewe ndiwe uliyetia sumu kwenye uji wangu, basi ndoo uunywe mbele yake."

Nikaenda. Ningekataaje? Nikakaa kwenye mkeka, Bwana Twahiri juu ya kiti chake, Bi Rukia akanimiminia, nikanywa, mzee akanitazama muda, kisha naye akanyoosha mkono akachukua bakuli lake. Na hivyo ndivyo tunavyofanya mpaka leo, kila asubuhi kabla sijaenda dukani, kwa sababu mzee asema bado kidogo, moyo haujatulia.

Saumu na Maimuna wamenunua kitabu kingine, nimewaambia wanisamehe, na nimeapa, wallahi, sitampa tena mtu wa kitabuni jina la jirani, wala sitarekodi neno kabla ya kutazama niko grupu gani. Bwana Twahiri siku hizi hunitania, hata huniuliza habari za ziwani. Bi Rukia hanitanii. Yeye huninyooshea bakuli kwa mikono miwili, kwa adabu, halafu hukaa mbele yangu akanitazama bila kutabasamu mpaka nimalize, nami nikikumbuka nilivyomnyamazia siku ile pale kwenye mawe, kabla ya funda la kwanza hutoa shahada kimoyomoyo.