Mngurumo wa Fundi Sikio

Pale maabara walimwita Fundi Sikio, na jina hilo alitembea nalo kifua mbele. Kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa mitambo inayonasa umeme mdogo wa seli za neva na kuzichokoza kwa umeme mwingine. Seli zilisikika kwenye spika, tk, tk-tk. Fundi akisema "hii nzima" au "hii inakufa", watafiti na shahada zao walifunga midomo.

Wiki hii mkosi ulimwandama. Spika ilinguruma, skrini ikajaa mawimbi yasiyoeleweka. Alizima feni, akachomoa friji, akatambaa chini ya meza mpaka magoti yakamlaani. Hakutulia hata kidogo: akae, ainuke, aende dirishani, arudi.

"Baba, saa tisa seli zangu zitakuwa zimekufa," mtafiti mmoja, binti kijana, alimwambia. "Na ndizo za mwisho. Tuwaite waliotuuzia mtambo?"

"Hao watakuja kuchezea skrubu tu. Nipe dakika kumi."

Akaenda stoo kutafuta waya. Mlangoni aligeuka, akaona skrini imetulia, mstari umenyooka. Akarudi, ikachafuka. Akarudi nyuma hatua tatu, ikatulia tena. Mkono ukapanda wenyewe hadi nyuma ya sikio, penye kile kidude cha kusaidia kusikia alichonunuliwa na mkewe Jumamosi, naye akakificha chini ya kofia. Jamani, mwenye kelele alikuwa yeye.

Aibu ilimchoma. Mwaka mzima, masikio yakizidi kufifia, alikuwa anabahatisha tu, nzima, inakufa, nzima, na hakuna aliyejua. Angeweza kusema kichwa kinamuuma, aende zake nyumbani, siri ibaki siri. Lakini saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu, na binti wa watu alikuwa anatafuna kucha.

Akavua kofia, akakitoa kidude, akakizima mbele ya mtafiti. Skrini ikatulia.

"Ni hiki. Nisamehe."

Mtafiti alikitazama, akamtazama na yeye. Akaishusha sindano ya kioo taratibu mpaka kwenye seli, akabonyeza kitufe cha kuichokoza. Karatasi ya spika ikaanza kutetemeka. Basi kwa mazoea akamgeukia fundi, na fundi akayasoma maneno midomoni mwake: hii nzima?

"Siisikii, mwanangu," alisema. "Niambie wewe."