Mstari Uliomkataa Kaka Yangu

Kaka yangu alipiga kura ya rais akiwa gerezani. Alinieleza siku aliyotoka, tukiwa tumekaa jikoni kwa mama, na katika miaka yake yote kule Kisumu hilo ndilo jambo pekee alilolisimulia akitabasamu. Walipangwa uani, wakapakwa wino kidoleni, na askari wakawaita "wananchi".

"Sikuusugua ule wino," akasema. "Niliuacha mpaka ukaisha wenyewe."

Alifungwa kwa kuiba injini ya boti. Sisi ni watu wa ufuo mdogo, si mbali na Usenge, na kwetu mwizi wa injini hasamehewi upesi. Najua kwa nini. Mimi mwenyewe nakausha omena, wale dagaa wa ziwani, na boti isipotoka sina cha kuanika.

Alirudi wakati ufuo ulikuwa unajiandaa kumchagua mwenyekiti wa kamati. Kamati ndiyo husema nani apate nafasi botini, kwa hiyo kwetu uchaguzi huo unauma kuliko wa mbunge. Hatutumii karatasi. Wagombea husimama mchangani na kila mtu hujipanga nyuma ya wake. Nilimwuliza afisa aliyetoka Bondo kuja kusimamia kama kaka yangu anaruhusiwa.

"Amemaliza kifungo?"

"Amemaliza."

"Basi ni mvuvi kama wengine. Ajipange."

Akajipanga nyuma ya mgombea aliyekuwa rafiki yake wa utotoni, mtu waliyefundishana kuogelea. Nami nikasimama nyuma yake. Kisha mama mmoja muuza samaki aliyekuwa mbele yake akageuka, akamwona, akaokota beseni lake na kwenda mstari wa pili. Mwanawe akamfuata. Akafuata mzee aliyekuwa ametusalimu vizuri asubuhi ile ile, na nyuma yake wengine.

Mgombea wetu akaacha nafasi yake, akaja mpaka tulipokuwa. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Omera, ndugu yangu, toka hapa. Unanimalizia watu."

"Nina haki."

"Najua. Lakini ukibaki naanguka."

"Hata kule ndani nilimchagua rais."

"Basi rudi huko ndani ukachague."

Watu wakacheka. Kaka yangu naye akacheka kidogo, kama mtu anayetaka waone kwamba mzaha ameuelewa, kisha akatoka mstarini. Nikatoka naye. Afisa alituona, akainamia simu yake. Tulisimama kando ya nyavu zangu za kuanikia, tukawatazama wakihesabiwa, kila mmoja akiguswa bega. Wale waliohama walikuwa wamesharudi. Rafiki yake akashinda.

Baada ya hapo hakuna boti iliyomchukua. Hakuna aliyemkataa waziwazi. Kila alipoenda aliambiwa imejaa. Akahamia mtaa wa Manyatta, kule Kisumu, akaanza kuosha pikipiki za boda boda.

Uchaguzi mkuu ulipokaribia nilienda kumwona. Nilimweleza kwamba sheria haimzuii, ila bado ameandikishwa kule gerezani, kwa hiyo twende tukahamishe kituo chake. Alinisikiliza akiwa amekaa kitandani, suruali imelowa hadi magotini.

"Nani atasimama karibu na mimi?"

"Hii si ya ufuoni," nikamwambia. "Hii ni ya siri. Unaingia peke yako, hakuna anayekuona."

"Na foleni ya kuingilia?"

Akanitengenezea chai, tukazungumza habari za mama na mguu wake unaomsumbua.

Siku ya kura nilipiga yangu kituoni kwetu ufuoni, na jioni nikampigia simu. Alisema kazi ilikuwa nyingi, pikipiki zimejaa matope, mgongo unamuuma. Nikamwambia apumzike. Hatujaligusa jambo hilo tena. Mama humwombea kila Jumapili apate mke na kazi nzuri. Mimi nikiwa pembeni yake naitikia amina, na moyoni siamini.