Mafuta Kabla Maji Hayajakauka

Kwetu Mbumbuni, mtoto angeweza kwenda kanisani bila viatu, lakini aende na miguu iliyopauka? Thubutu! Jumapili Mama alitupanga mstari, watoto saba, maji ya kuoga yakitutiririka bado, akachota kidogo kwenye mkebe wa mafuta yale mazito ya kujipaka na kutupaka tukiwa tumeloa hivyo hivyo. Niliona ni ubahili mtupu. Mafuta yakikutana na maji yanaenea haraka, mkebe unafika mwisho wa mwezi. Niliapa wangu nitawapangusa kama watoto wa watu.

Nikajaliwa mmoja, msichana, nikiwa nimeshahamia Kwa Vonza. Nilimpangusa kwa taulo hadi katikati ya vidole, nikangoja akauke kabisa, kisha nikampaka mafuta mpaka akang'aa. Lakini upepo wa mwezi wa saba ulipokuja, mikono yake ilipasuka. Akajikuna hadi damu. Jumapili moja, akiwa na miaka minne, alirudi kutoka shule ya Jumapili akinung'unika.

"Wamekataa kunishika mkono kwa mduara. Wanasema nitawaambukiza."

Niliumia, jamani. Na mimi nikiumia hutafuta wa kulaumu, kwa hivyo nililaumu mkebe. Niliugeuza nikasoma nyuma. Kumbe yanatokana na petroli! Yaani ndugu yake dizeli ya mashine ya posho ndiyo nampaka mtoto? Nilikwenda nao mbio hadi kwa kemisti, nikaugonga juu ya kaunta. Muuzaji akacheka.

"Yamesafishwa, mama, hayana shida. Lakini hayo hayaongezi maji mwilini. Yanazuia tu yaliyopo yasitoke."

Sikumwelewa vizuri, na kutoelewa kitu hunikera kuliko njaa. Nyumbani nilikata kiazi vipande vitatu. Kimoja nikakiacha wazi. Cha pili nikakipaka mafuta kikiwa kibichi. Cha tatu nikakianika juani siku nzima, ndipo nikakipaka. Kesho yake cha kwanza kilikuwa kimekunjamana, cha pili bado kina maji. Kile cha tatu kiling'aa vizuri sana, na ndani kilikuwa kimenyauka vile vile. Nilikishika muda mrefu. Huyo alikuwa mtoto wangu.

Nikampigia Mama simu. "Ulijuaje kwamba mafuta hupakwa mtu akiwa ameloa?"

"Nani alijua?" akasema. "Taulo ilikuwa moja, nanyi mlikuwa saba. Ningemaliza kuwapangusa, si ibada ingeisha?"

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilicheka pia, ingawa aibu ilikuwa imenishika.

Tangu siku hiyo taulo ikabaki kwenye msumari. Mtoto akitoka kwenye karai nampaka hapo hapo, matone yakiwa bado mgongoni, naye anapiga kelele kwamba baridi inamuua. Polepole ile mipasuko ikafunga.

Jumapili iliyofuata mwisho wa upepo, nilitoka kwenye mahubiri nikasimama dirishani pa darasa lao. Mwalimu aliwaambia watengeneze mduara. Mvulana aliyekuwa kando ya binti yangu aliusogeza mkono wake nyuma. Binti yangu akaufungua wake, akaugeuza huku na huku mbele ya macho ya mvulana ili auone vizuri.

Yule mvulana akautazama, akaugusa kwa kidole kimoja, kisha akaushika.

Sikusikia mahubiri yalivyoisha.