Sentensi Aliyoikata Emil Hrabak

Emil Hrabak alikuwa wa saba kwenye foleni ya samaki, sahani ya karatasi mkononi, redio ya jikoni ilipotangaza kwamba Wahunzi, timu ya mji ya mpira wa Kimarekani, wamemwacha mrushaji wao, Dacey Lunsford. Ilikuwa Ijumaa ya nne ya Kwaresima, na nusu ya mtaa ilikuwa imejaa katika ukumbi wa parokia. Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha watu waliozika wengi hata matanga hayawatoi machozi tena.

"Wa kumi na moja!" alipaza sauti Dolores Pacek, mjane aliyekuwa mkuu wa makarai ya mafuta. Dolores alikuwa na mchezo wake: kipande cha samaki kikivunjika karaini, alikipa jina la mmoja wa warushaji ambao timu ilikuwa imewaacha. "Nani anamtaka Lunsford? Huyu hapa, vipande vitatu, lakini bado anashibisha!"

"Mpe Emil," mtu alisema nyuma. "Si ndiye aliyemvua?"

"Emil, hebu tuambie, nyinyi kule mnawatoa wapi hawa? Maana hata duka la mitumba ukiona nguo ina tundu unairudisha."

"Acha hizo, Dolores. Nipe samaki."

"Nakupa, tena mzima. Umekonda siku hizi, utadhani wewe ndiye uliyekuwa unaangushwa."

Watu wakacheka tena. Emil naye alicheka, maana asiyecheka pale ndiye hufuatwa hadi kwenye gari. Alibeba samaki wake na viazi, akaketi karibu na mlango kando ya mkewe, Ruthann, akala robo tu.

Alikuwa na miaka hamsini na saba. Baba yake alifanya kazi ya chuma mpaka tanuru lilipozimwa. Yeye alifundisha jiografia shule ya sekondari, akawanoa vijana wa shule hiyo katika mpira wa Kimarekani, na alipofikisha miaka thelathini na mitano Wahunzi wakamchukua kuwa skauti, msaka vipaji wao. Kwa miaka ishirini na miwili alizunguka vyuo vya Ohio, Kentucky na West Virginia, akila mayai ya kuchemsha ndani ya gari, akiandika kwa penseli kwa sababu wino huganda kwenye baridi ya Novemba. Aliandika kila kitu: mchezaji anavyofunga viatu, anavyomjibu mfua nguo wa timu, anapotazama akikosea. Wenzake walimtania kwamba hata kwenye harusi yake alimpa padri alama.

Wahunzi walikuwa na ugonjwa mmoja, na mji mzima uliujua. Hawakuweza kumlea mrushaji. Mrushaji, ambaye wenyewe humwita kwotabeki, ndiye anayeupokea mpira kwanza na kuamua kwa sekunde tatu uende kwa nani, huku wanaume wenye uzito wa magunia mawili wakimjia kumlaza chini. Kila baada ya miaka miwili mitatu timu ilimchagua kijana kutoka chuoni, ikampiga picha na jezi mpya, na kabla hajazoea njia ya kwenda uwanjani alikuwa amekwisha. Mjini walisema ni mkosi. Emil alijua si mkosi. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, naye alikuwa mmoja wa waosha.

Aliyemwona Dacey kwanza ni Emil. Ilikuwa siku ya mvua, chuo kidogo cha kusini mwa Ohio, watazamaji wasiofika elfu mbili. Kijana mwembamba alirusha mpira kupita mikono ya watu watatu ukaingia kifuani mwa mwenzake kama barua inavyoingia sandukuni. Emil alirudi mara tano msimu ule. Mara ya tano alialikwa nyumbani, kwa bibi aliyemlea, Opal Lunsford. Wakala maharage na mkate wa mahindi.

"Mwanangu," bibi alimwambia huku akimwongezea, "huyu Dacey wangu hujifunza polepole. Baiskeli aliijua ana miaka tisa. Lakini akishajua kitu, kimejulikana. Mkimkimbiza mtamvunja."

"Hatutamkimbiza, mama. Nakuahidi."

Aliahidi akimaanisha. Siku ile ile, garini, aliandika mwishoni mwa taarifa yake: *Ana mkono, ana akili, lakini jicho lake bado linajifunza. Akae benchi misimu miwili. Akiingizwa mapema ataharibika.*

Ilikuwa sentensi ya kweli kuliko zote alizopata kuandika, na ndiyo iliyomponza. Kwa Wahunzi kulikuwa na desturi. Jina la kila kijana liliandikwa kwenye kadi yenye sumaku na kubandikwa ubaoni, safu ya juu wale wa kuchaguliwa mapema. Taarifa ya skauti ikiwa na neno "asubiri", kadi hutiwa alama ya njano, na kadi yenye alama ya njano haipandi safu ya juu. Tajiri wa timu hakutaka kununua tunda na kuliweka kabatini. Grady Fenner, meneja mkuu aliyeajiri na kufukuza, aliipenda desturi hiyo. "Ngojangoja yaumiza matumbo," alikuwa akisema, na tumbo lenyewe lilikuwa lake.

Wiki ya mwisho kabla ya uteuzi wa mwaka ule, siku ambayo timu zote za nchi huchagua vijana wa vyuo kwa zamu, Fenner alisimama mlangoni mwa Emil.

"Huyu Lunsford wako nampenda. Tajiri naye kampenda. Lakini naona umeandika maneno hapa chini."

"Ndivyo nilivyoona, Grady."

"Sikuambii ufute. Mimi na wewe si watoto. Nakuuliza tu: katika miaka yako yote hapa, amewahi kuchaguliwa kijana wako yeyote katika kumi wa kwanza?"

"Hapana."

"Basi." Fenner akaenda zake.

Hakuna aliyemshika mkono. Emil aliikata sentensi ile mwenyewe, akaichapa taarifa upya, na asubuhi yake, kwenye kikao, alifanya kile ambacho skauti huruhusiwa kufanya mara moja tu kwa mwaka: aligonga meza kwa kiganja, maana yake *huyu namdhamini kwa jina langu*. Dacey akawa wa nne nchi nzima. Gazeti la mji liliandika jina la Emil, na Ruthann alilikata, likabandikwa mlangoni mwa jokofu wiki nzima. Emil alilitazama kila alipochukua maziwa, akaona raha. Raha ile ndiyo iliyokuja kumchoma baadaye kuliko kitu kingine chochote.

Walimwingiza Dacey mchezo wa kwanza. Ukuta wa watu watano waliopaswa kumlinda ulikuwa kama pazia. Aliangushwa mara hamsini na nane msimu ule. Kufikia Desemba, Emil aliona akiwa jukwaani jambo ambalo watazamaji hawakuliona: kijana alikuwa ameacha kuwatazama wenzake waliokuwa wanakimbia mbele, sasa aliwatazama wanaokuja kumpiga. Jicho likishajifunza hofu, ni vigumu kulifundisha kingine. Msimu wa pili walibadilisha kocha, kocha mpya akambadilisha namna ya kurusha. Msimu wa tatu alizomewa na mashabiki wa timu yake mwenyewe. Kila walipokutana kwenye korido, Dacey alimwamkia, "Habari za asubuhi, Bwana Hrabak," na Emil alijifanya anasoma kitu.

Jumamosi, siku moja baada ya samaki wale, Emil alimwambia Ruthann anakwenda kusini.

"Kwa Lunsford?"

"Ndiyo."

"Utamwambia nini?"

"Ya kweli."

Ruthann alikuwa akipangusa kikombe. "Miaka mitatu, Emil," alisema, bila kugeuka.

Ulikuwa mwendo wa saa tatu na nusu. Alimkuta Dacey juu ya ngazi, akisafisha mfereji wa paa, majani meusi yamemchafua hadi viwiko. Bibi Opal alimfungulia mlango wa jikoni. Alimwambia aketi, lakini hakuweka sahani. Katika nyumba ile mgeni huwekewa sahani kabla hajaulizwa jina, na Emil alilijua hilo.

Dacey aliingia, akanawa, akaketi. Miaka ishirini na mitano, na bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto.

"Wamekutuma?" aliuliza.

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

"Kama ni kuniambia nisikate tamaa, nimeambiwa tangu jana na watu arobaini."

"Sikuja kwa hilo." Emil aliikunjua taarifa ya kwanza, ile ya penseli, akaisukuma mezani. "Soma mwisho."

Dacey alisoma. Alisoma tena. Akampa bibi yake, naye akaisogeza mbali na macho, akasoma huku midomo ikicheza.

"Hii iliandikwa lini?" Dacey aliuliza.

"Siku ile niliyokula hapa."

"Mbona siku ya kwanza kocha aliniambia kila mtu ameafiki niko tayari? Alisema hata skauti aliyenigundua ameafiki."

"Ilikatwa."

"Aliikata nani?"

"Mimi. Kwa mkono wangu. Ingebaki usingechaguliwa mapema, na mimi nilitaka uchaguliwe mapema. Nilitaka ionekane kwamba ni mimi niliyekuona."

Bibi Opal aliiweka karatasi chini taratibu. "Na mimi ulinilia mkate wangu," alisema.

Emil alitazama mikono yake, ikaonekana kama ya mtu mwingine.

"Unajua nimekuwa nikijiambia nini?" Dacey alisema. Sauti haikupanda, na ingepanda ingekuwa nafuu. "Kila usiku miaka mitatu. Kwamba mimi ni mjinga. Kwamba wenzangu wote wanaona, ni mimi tu kipofu. Kumbe kuna mtu kwenye jengo lile lile anajua, na ananiona nikipita."

"Ndiyo."

"Na habari za asubuhi nakupa."

"Ndiyo, Dacey."

Kisha kijana akauliza swali ambalo Emil, katika mwendo wote ule wa saa tatu na nusu, hakuwa amejiandaa nalo.

"Mwaka huu mnamchukua nani?"

"Nafasi ya sita. Kijana wa Kentucky, Corwin Tackett. Ana miaka ishirini na moja."

"Wa eneo lako?"

"Wa eneo langu."

"Umeandika nini kumhusu?"

Naye Tackett alikuwa na sentensi yake. Haikuwa imekatwa safari hii. Haikuwa imeandikwa kabisa. Emil alikuwa ameshazoea; siku hizi mkono wake uliikwepa wenyewe kabla penseli haijafika. Na hakuna aliyekuja kusimama mlangoni.

"Bwana Hrabak. Nimekuuliza."

"Asubiri," Emil alisema. "Mwaka mmoja, labda miwili. Lakini sikuandika."

Dacey aliinuka polepole, akavuta simu ya mezani ya bibi yake mpaka waya ukanyooka, akaiweka mbele ya Emil. "Mpigie Fenner."

"Kikao kimeshapita. Kadi iko juu."

"Uteuzi ni baada ya wiki tatu. Mpigie."

Emil alipiga. Fenner aliitikia kwa uchangamfu wa mtu aliye kwenye gofu. Emil alimwambia, mbele ya wale wawili, kwamba Tackett anastahili alama ya njano, kwamba anaiandika leo na kuituma kwa skauti wote wa timu, si kwa Fenner peke yake.

"Umepatwa na nini, Emil? Tajiri ameshamlisha chakula cha jioni huyo kijana!"

"Nilijua tangu Oktoba."

"Ulijua ukanyamaza?"

"Kama nilivyonyamaza kwa Lunsford."

Fenner alivuta pumzi. "Sikiliza, rafiki yangu. Ukiituma hiyo karatasi, hatuwezi kumgusa huyo kijana, na mji utauliza kwa nini. Na mimi nitawaambia kwamba skauti wetu hakuwa anaandika anachokiona. Unanielewa? Kila mtu atajua."

"Ni kweli. Hata mimi ningesema hivyo."

"Basi tuma. Na Jumatatu ukija, lete funguo."

Simu ikakatika. Dacey alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwao. Emil alingoja, bila kujua anangoja nini. Kijana alichukua glavu zake, akatoka bila kuaga, na ngazi ikasikika ikigonga ukuta.

"Nenda sasa, mwanangu," Bibi Opal alisema. "Kabla hajashuka. Leo umesema, nimesikia. Lakini nenda."

Aliituma taarifa siku ile ile. Jumatatu alirudisha funguo, na Ijumaa gazeti lilieleza yote. Ijumaa Kuu Dolores alimwekea samaki wake kimya, bila mzaha wowote, na foleni yote nyuma yake ikatazama sakafu. Emil aliona heri yangekuwa matusi.

Alhamisi ya uteuzi alikaa na Ruthann mbele ya televisheni. Wahunzi walipofika nafasi ya sita walichukua mlinzi, mtu wa ukuta. Kamera ikamwendea Corwin Tackett, amekaa mezani na mama yake, suti mpya ya buluu, akitabasamu. Ikapita nafasi ya saba. Ikapita ya kumi. Neno "asubiri" lilikuwa limeshavuja, na kila timu ilikuwa na sababu ya kuogopa. Kufikia ya kumi na tano kijana hakutabasamu tena. Alikunywa maji, akashika shingo ya shati. Mama yake alimsugua mgongo.

"Huyu si ndiye wako?" Ruthann aliuliza.

"Ndiye."

"Maskini. Nizime?"

"Usizime," Emil alisema. Aliinuka kitini akasimama, mikono imelegea ubavuni, akamtazama kijana yule usoni nafasi baada ya nafasi, mpaka timu ya ishirini na tatu, iliyokuwa na mrushaji mzee wa miaka thelathini na sita na haraka yoyote ya kumwingiza kijana haikuwa nayo, ilipoita jina lake.