Mkono wa Wasiojua

Watoto arobaini na sita walinyoosha mikono kwa mpigo, na mwalimu aliyesimama mbele yao akatabasamu. Aliamini anajua nani ana jibu na nani hana.

Alikuwa ameingia mkenge.

Mimi nilikuwa nyuma ya darasa, nimeegemea kabati, nimebana midomo nisicheke. Wale watoto niliwageuza mimi mwenyewe jana yake. Nilitaka yule mtu aumbuke mbele za watu mpaka akose pa kuweka uso.

Ngojeni nianze mwanzo, msije mkaniona nina roho mbaya. Roho mbaya ninayo, lakini ilikuwa na sababu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, darasa la tatu. Shuleni wananiita Maboksi. Jina lilianza kama kejeli, maana nilikuwa naokota maboksi kila mahali: ya sabuni, ya viatu, ya nyuzi za cherehani ya shangazi yangu ninayeishi naye. Vitabu vilikuwa kimoja kwa watoto sita. Nikaona hapa nitazeeka na chaki mkononi bila mtoto hata mmoja kuambulia kitu.

Basi nikamwambia kila mtoto alete boksi kutoka kwao. Tukakata kadi. Mbele niliandika neno la Kiingereza kwa wino mzito, nyuma mtoto akaandika jina lake ili kadi isipotee.

"Huyu *is* anasimama na mtu mmoja tu," nikawaambia. "*Are* yeye anataka kundi."

Mtoto akiitwa mbele na kadi yake, anatafuta wa kusimama naye. Akikosea, darasa zima linapiga kelele, "Huyo si wako!" Anacheka, anahama. Hakuna fimbo, hakuna machozi.

Jamani, walishika. Niliwafundisha tangu darasa la pili, nikapanda nao la tatu, na kila wiki niliona wanavyoshika.

Mmoja tu ndiye aliyenisumbua kichwa. Binti wa dawati la mwisho, karibu na dirisha, tuliyemwita Kimya. Darasa la pili alianza akiwa msemaji kweli, halafu katikati ya mwaka akafunga mdomo. Nilimwita mama yake, akaniambia nyumbani anaongea mpaka wanamwomba apumzike. Nikasema ni utoto, utapita.

Sasa tumfikie mbaya wangu.

Shuleni kulikuwa na mwalimu wa taaluma, tuliyemwita Taaluma tu. Huyo ndiye msimamizi wa masomo yote, na ndiye anayeandika ripoti za walimu wa mkataba kama mimi. Tai kila siku, viatu vinang'aa, na chaki haigusi kwa kuogopa vumbi. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa muhula ule. Ripoti ikiwa nzuri, naajiriwa moja kwa moja. Ikiwa mbaya, nafunga virago.

Siku moja akaja darasani kwangu, mpole kupita kiasi.

"Maboksi, hebu niazime hizo kadi na daftari lako la maandalio. Nataka walimu wenzako wajifunze."

Nikampa na mfuko wa kubebea. Nilifurahi kama mtoto.

Wiki tatu zikapita. Halafu ukaitishwa mkutano wa walimu. Akasimama na kadi zangu mkononi. Nyuma amezibandika karatasi ngumu za rangi, zinapendeza. Daftari limevalishwa jalada jipya, na juu ya jalada kuna jina lake.

"Hii ni mbinu niliyoibuni mwenyewe," akasema. "Wiki ijayo wakaguzi wanakuja kuniona nikiifundisha. Nitatumia darasa la tatu."

Nilihisi masikio yanawaka moto.

"Mwalimu, samahani. Hizo si kadi zangu?"

Akaniangalia kuanzia utosini hadi kwenye kandambili.

"Zako? Una ushahidi gani? Na kwa taarifa yako, ripoti yako nimeshaiandika. Hana zana, hana mbinu. Jiandae kisaikolojia."

Nikageuka kuwatazama wenzangu. Kila mtu alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Mwalimu mkuu akakohoa, akasema tuendelee na ajenda.

Nilifika nyumbani nalia. Shangazi alikuwa anapinda sketi ya mteja. Nikamweleza yote. Akasimamisha cherehani.

"Sasa unalia nini?"

"Shangazi, nitapoteza kazi!"

"Kulia hakutairudisha. Huyo mtu ana kitu gani anachokitegemea? Kitafute hicho, ukivute. Halafu uje ule, chakula kinapoa."

Usingizi haukuja, lakini jibu lilikuja.

Hapa lazima niwaambie kitu ambacho walimu hatupendi kukisema. Mkaguzi akitaka kuja, watoto wanapangwa mapema. Wanaambiwa: swali likiulizwa, wote nyoosheni. Anayejua, mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mkaguzi anaona darasa zima mikono juu, mwalimu anachagua wa kulia tu, kila anayeitwa anapata. Mkaguzi anaandika "vizuri sana", chai inanywewa, maisha yanaendelea.

Hata mimi niliwahi kufanya. Mwaka uliotangulia, ukaguzi wangu wa kwanza, hofu imenijaa. Tena sikuwaachia wachague wenyewe, niliwapangia: wewe kulia, wewe kushoto, na wewe kushoto. Siku ikapita salama, nikasahau.

Kwa hiyo nilijua Taaluma atafanya nini. Na kweli, siku moja kabla ya ugeni akaingia darasani kwangu, akafunga mlango, akawapanga.

"Anayejua?"

"Kuliaaa!"

"Asiyejua?"

"Kushotooo!"

Akatoka akijipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Nikasubiri hatua zake ziishe kwenye veranda, nikafunga mlango tena.

"Watoto wangu, mmemsikia mwalimu wa taaluma?"

"Ndiyooo!"

"Vizuri. Sasa kesho tunacheza mchezo. Tunageuza. Asiyejua, kulia. Anayejua, kushoto. Na ni siri yetu."

Watoto na siri! Walifurahi mpaka wengine wakajiziba midomo kwa mikono yote miwili. Kimya peke yake ndiye hakucheka. Alinikazia macho tu.

Siku ikafika. Wakaguzi walikuwa wawili, na mkubwa wao alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani, mkoba wa ngozi uliochakaa. Akakaa pembeni na mwalimu mkuu. Mimi nikaambiwa nisimame nyuma, nijifunze.

Nijifunze! Kwenye darasa langu!

Taaluma akachomoa kadi zangu kwa madaha. Akabandika ubaoni sentensi yenye wasichana wengi wanaoimba, katikati ameacha pengo.

"Hapa tunaweka nini?"

Mikono ikapaa, ya kulia na ya kushoto. Yeye akapitisha macho kwenye ya kulia, akatafuta wa kuanza naye. Alitaka mtoto wa dawati la mwisho, ili wageni waone kwamba hata wa nyuma wanajua.

"Wewe hapo, karibu na dirisha."

Kimya.

Kwenye hesabu zangu zote nilikuwa nimewaza atamwita mtundu mmoja hivi, akosee, watu wacheke, basi. Sikuwaza Kimya. Mtoto ambaye hajafungua mdomo karibu mwaka mzima, leo ndiye nimemtoa kafara mbele ya wageni.

Akasimama taratibu.

Kisha akasema sentensi nzima, kwa Kiingereza, neno moja moja, na "are" yake ikakaa pale pale inapotakiwa kukaa.

Wageni wakapiga makofi. Taaluma akavimba kichwa. Akaita mkono mwingine wa kulia. Akapata. Mwingine. Akapata. Wa nne akakosea kidogo, akajirekebisha mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichojifanyia. Niliwashika wale watoto mwaka na nusu kwa kadi. Hata anayejiona hajui, anajua. Nimetega mtego, na kazi yangu mwenyewe inamtoa adui mtegoni, tena anashangiliwa! Nilitamani kulia kwa hasira.

Mama mkaguzi akainuka.

"Mwalimu, naomba niulize na mimi."

"Karibu sana, mama."

Akauliza. Mikono ikapaa. Akamwita wa kushoto, akapata. Mwingine wa kushoto, akapata haraka zaidi. Akavaa miwani.

"Nilifundisha miaka ishirini na miwili kabla ya kazi hii," akasema. "Mikono hii naijua, na mimi niliicheza. Lakini leo wa kulia wanajua, wa kushoto wanajua. Sasa asiyejua ni yupi?"

Taaluma akachekacheka. "Mama, sijakuelewa..."

Mtoto mmoja wa mbele, mdomo wake hauna kifuniko, akasimama bila kuitwa.

"Mama mkaguzi, sisi tuna mikono ya aina mbili. Ya mwalimu wa taaluma, anayejua ni kulia. Na ya Mwalimu Maboksi, anayejua ni kushoto. Ila ya Maboksi ni siri."

Mama akamsogelea.

"Maboksi ni nani?"

Vichwa arobaini na sita vikageuka nyuma.

"Na kwa nini anaitwa hivyo?"

"Tulimletea maboksi!" wakapokezana. "Hizo kadi ni zetu! Ile ni ya kwangu! Nyuma kuna majina yetu!"

"Mama, ni watoto wadogo hawa," Taaluma akadakia, "wanachanganya mambo."

Mama hakumjibu. Akachukua kadi moja, akapenyeza ukucha chini ya ile karatasi ya rangi, akaivuta. Chini yake zikatokea herufi za kupinda za mtoto, na nusu ya tangazo la sabuni. Akalisoma jina.

"Mimi!" mtoto akaruka kwenye benchi.

Akabandua ya pili. Ya tatu. Alibandua kadi kumi na moja, polepole, na kila jina lililosomwa mtoto wake alishangilia. Taaluma alikuwa amesimama palepale, jasho limeloanisha kola, mkono umeshika tai kana kwamba inamnyonga. Nilimtazama kila sekunde. Sitawadanganya, ilikuwa tamu. Mpaka leo nikikumbuka najimiminia chai.

Kisha mama akanigeukia.

"Na wewe, mikono uliigeuza?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Nilitaka aumbuke."

Akaandika kitu kwenye daftari lake, kirefu, akatoka.

Wiki mbili baadaye nikaletewa bahasha moja yenye barua mbili. Ya kwanza ilikuwa onyo kali kwa kuwatumia wanafunzi kwenye ugomvi wa watu wazima. Ya pili ilikuwa ya ajira. Shangazi akazisoma zote, akasema ile ya onyo niiweke karibu, ya ajira niifungie.

Taaluma alivuliwa cheo. Sasa ni mwalimu wa kawaida, anafundisha la sita, chaki anaishika na vumbi linamkuta. Juzi alikuja kwangu kuazima mkasi wa kukatia kadi. Nilimpa. Nina mikasi miwili, nikampa ule butu.

Ningeweza kuishia hapa, nikaonekana mshindi. Lakini kuna jambo la mchana uleule wa ukaguzi ambalo sikumwambia mtu, hata shangazi.

Watoto walipoondoka, Kimya alibaki akifuta ubao. Nikachuchumaa karibu naye.

"Mama, umenifurahisha leo. Lakini mbona ulinyoosha mkono wa wasiojua, na jibu ulikuwa nalo?"

Akaendelea kufuta.

"Hata mwaka jana nilikuwa nalijua," akasema.

"Mwaka jana lini?"

"Wageni walipokuja. Mwalimu ukasema mimi ni wa kushoto."

Nikajiona mwaka ule, napita haraka kati ya madawati, naelekeza kidole: kulia, kushoto, kushoto. Hata sikumbuki nilikuwa namwangalia nani. Yeye alikumbuka.

"Leo nilijua ataita wale uliosema hawajui," akaendelea. "Nikanyoosha huo makusudi, ili aniite."

"Makusudi ya nini, mwanangu?"

Akaweka kifutio mahali pake, akanitazama usoni.

"Ili Mwalimu uone."

Akachukua mkoba wake, akaniaga vizuri kama walivyomfundisha kwao, akaenda zake.

Mimi nilipanga kisasi changu kwa wiki moja. Mtoto wa miaka tisa alikingoja chake mwaka mzima, akakitekeleza kwa sentensi moja, na kikanipata mimi.

Mwalimu wa taaluma sijamsamehe, msinisumbue kwa hilo. Ila kwako wewe unayesoma hapa ukiwaza namna ya kumkomesha aliyekudhulumu, fanya jambo moja kabla hujaanza. Geuka nyuma, utazame dawati la mwisho, uone kama hakuna mtu uliyemdhulumu wewe ukasahau.

Siku hizi darasani kwangu anayejua ananyoosha mkono, na asiyejua ananyoosha uleule. Wa kwanza ninayemwita ni Kimya, na sasa anaongea mpaka namwomba apumzike. Hajawahi kuniambia kama amenisamehe, na mimi sijathubutu kumuuliza.