Herufi Tatu Ndani ya Koti

Mimi ni fundi cherehani, na hasira zangu mtaa mzima unazijua. Mteja akija kudai nguo kabla ya siku tuliyopatana, namwambia akae ashone mwenyewe. Kwa hiyo msitegemee niisimulie habari hii kwa upole. Imenikera tangu mwanzo, na kuna aliyenikera kuliko wote, nitamfikia.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Muuza viatu wa mlango wa pili aliingia kwangu simu mkononi, machozi ya kicheko yanamtoka, akaniambia niache kazi nione vituko. Nikaona. Mzee mmoja anaingia darasani, vitabu kwapani, anawatazama wanafunzi, anaomba radhi, anatoka. Anaingia tena, anatazama, anaomba radhi, anatoka. Mara ya tatu akasimama mlangoni ameshika paji la uso, hajui aende wapi. Juu ya picha pameandikwa: mwalimu kapotea darasa. Jirani yangu akacheka mpaka akashika mbavu.

Mimi sikucheka. Aliyekuwa anarekodi alisikika akicheka, na kicheko chenyewe kilianza kama kwikwi kisha kikapanda juu kama filimbi. Nimeishi na kicheko hicho nyumba moja miaka kumi na saba. Ni cha kitindamimba wangu.

Jioni nilimweka kitako. Alikana mara mbili, ya tatu akalia, nami nikamwambia machozi ayaweke, kwanza anieleze. Akaeleza. Madarasa yao mawili ya mwaka wa mwisho, A na B, yamepakana, na katikati kuna mlango. Mwalimu wa hesabu, huyo wanayemwita Kokotoa, macho yake hayafiki mbali. Darasa analitambua kwa safu ya mbele tu. Akiwaona wale wasichana sita wa mbele wa A, basi anajua yuko A. Siku hiyo alimaliza kipindi A, akatoka aende B. Wale sita wakapenya mlango wa kati, wakawahi kukaa mbele kule B. Mzee akaingia, akawaona, akajua amejirudisha A. Akatoka aende chumba cha pili, nao wakakimbia tena. Mwanangu alisimama pale mlango wa kati na simu, anarekodi huku na huku. Halafu, ili ichekeshe zaidi, akakata sehemu zote za wenzake wakikimbia. Akabakisha mzee peke yake, anaingia na kutoka, kisha akairusha mtandaoni.

Jamani! Nilimuuliza kama kichwa anacho au anabeba tu nywele. Akasema alishaifuta. Wewe unafuta na watu elfu wameshaihifadhi, kuna kufuta hapo?

Kilichokuwa kinamtetemesha ni mtihani. Simu shuleni ni marufuku, na mkuu wa shule alishatangaza mbele ya wote kwamba aliyerekodi akijulikana anakwenda nyumbani, mtihani atausikia kwa wenzake. Mtihani wenyewe ulibaki wiki mbili. Kaka zake wawili waliishia njiani, mmoja yuko gereji, mwingine hata sijui niseme yuko wapi. Huyu ndiye aliyekuwa amefika. Basi nikamwambia afunge mdomo. Ndiyo, mimi mama yake. Nikamwambia akae kimya, afanye mtihani, mengine tutayajua baadaye.

Kumbe kunyamaza nako ni kazi. Mwalimu wa nidhamu naye alikuwa amekisikia kicheko, akaamua kukitafuta. Akawa anapita darasa kwa darasa anawasimulia vichekesho, halafu anatega sikio. Mtu ambaye miaka minne hajawahi kutabasamu! Mwanangu anasema vichekesho vyenyewe vilikuwa vibaya mno, na ubaya huo ndio uliokuwa unachekesha. Alijing'ata ulimi mpaka akarudi nyumbani hawezi kunywa chai ya moto. Wenzake hawakumtaja, maana wote walikuwa na mikono yao ndani. Chakula akawa anakigusagusa tu. Kila simu yangu ikilia anaruka. Nami nikiona hivyo hasira zinanipanda upya, namfokea, halafu nikishamfokea namhurumia, halafu huruma yenyewe inanikasirisha. Wiki nzima tuliishi namna hiyo.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, jioni baada ya masomo, mtoto alikuwa pembeni yangu anashona vifungo, mlangoni akasimama mzee na koti mkononi. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Mtoto aliinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua. Mzee hakumtambua, macho yake ndiyo hayo.

Alinisalimu vizuri, akalitandaza koti mezani, akanionyesha sehemu ya ndani, chini ya kola.

"Fundi, naomba unishonee jina langu hapa, na namba ya simu ya binti yangu. Tumia uzi unaoonekana, mtu akinikuta njiani aweze kusoma."

Nikauliza kwa nini, na jibu ninalo. Akasema akili imeanza kumtoka. Akanieleza jinsi alivyorudi darasa lilelile mara tatu, wanafunzi wakamtazama tu, na kwamba binti yake alimwonyesha kwenye simu akajiona kwa macho yake. Alisema hakuwahi kudhani ingeanza mapema hivyo. Barua ya kuacha kazi alikuwa amempelekea mkuu, na kuanzia Jumatatu hatafundisha tena. Sasa anaogopa siku moja atatoka kwenda sokoni ashindwe kurudi.

Aliyasema yote hayo kwa utulivu, kama anaeleza hesabu.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi, na huyu ndiye niliyesema nitamfikia, nilimkata mtoto jicho, nikachukua uzi mwekundu, nikaanza kushona. Nilijiambia ni wiki moja tu. Mtihani ukipita, nitamfuata mzee kwake nimweleze taratibu. Nikashona herufi ya kwanza. Nikashona ya pili. Mzee akaniambia nina mkono mzuri. Nikamaliza ya tatu.

Nikasikia vifungo vinamwagika sakafuni. Mtoto alikuwa amesimama.

"Mwalimu, hukupotea. Ni sisi tulikuwa tunahama."

Mzee aligeuka, akamwendea karibu mpaka akamjua. Nilidhani atapiga kelele. Akasema, "Rudia. Taratibu." Mtoto akarudia, mlango wa kati, safu ya mbele, simu, vile vipande alivyovikata. Mzee akauliza walikuwa wangapi. Sita. Akauliza ile mara ya pili waliwahije, naye akaambiwa. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akavua miwani.

"Kwa hiyo niko sawa," akasema. Akaifuta miwani kwa shati, akasema tena, "Kwa hiyo niko sawa."

Mtoto analia, anasema kesho asubuhi anakwenda mwenyewe kwa mkuu ili ile barua irudishwe. Na mimi, badala ya kushukuru, mdomo ukanitoka. Nikamwambia asubiri, mtihani upite kwanza, wiki moja haiui mtu.

Mzee akavaa miwani yake, akanitazama mimi.

"Fundi, na wewe ulikuwa unajua?"

Ningeweza kukataa, mtoto asingenisuta mbele yake. Lakini koti lilikuwa mapajani mwangu na sindano bado iko ndani ya kitambaa. Nikasema ndiyo. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Alilichukua koti polepole, akachomoa sindano mwenyewe, akaiweka mezani, akaondoka.

Mwanangu alikwenda kwa mkuu kama alivyosema. Alirudishwa nyumbani siku hiyohiyo, mtihani atafanya mwakani. Nimewakasirikia wote. Nimemkasirikia mkuu, nimemkasirikia muuza viatu na simu yake, wale sita waliokimbia na kufanya mtihani raha mustarehe nimewakasirikia mpaka leo. Mtoto simwezi, maana nikianza kumsema ananitazama tu, nanyamaza mimi. Kokotoa alirudishiwa ile barua yake, anafundisha. Kila asubuhi anapita hapa mlangoni, ananisalimu kwa heshima zote, "Habari za kazi, fundi," nami naitikia nzuri. Nguo zake siku hizi anazipeleka kwa fundi wa upande wa pili wa barabara. Lile koti bado analivaa. Sijui kama zile herufi tatu alizifumua, na sina uso wa kumuuliza.